Chupa Sabini na Mbili

Waliponipa chupa ya sucré ya machungwa, kizibo kimeshang'olewa, niliisikia ikipumua mkononi mwangu, nikaiweka chini kando ya kiti. Sucré ndivyo tunavyoita soda Kisangani, na kwenye matanga ya siku hizi kreti zake hupangwa ukutani hata kabla jeneza halijafika. Nilikuwa nimekuja Kabondo asubuhi kwa pikipiki, baada ya kupatana bei na dereva mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza aliniona ninalia akadhani siwezi kuhesabu. Nilipoingia uani nilihesabu viti vya plastiki, mia moja na vinne. Nikarudia, vikawa mia moja na vitatu, jirani ameshabeba kimoja. Niliendelea kuhesabu vitu hivyo, na turubai, na sufuria, ili nisiende mbele alikolazwa Mado. Mwishowe nilienda. Walikuwa wamemvika kitenge chake cha bluu, na nilipoinama niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tulipokuwa wasichana: macho yake mawili yalikuwa sawa. Kifo kilikuwa kimeyafunga yote, la kulia lililokuwa likiona na la kushoto lililozima mwaka ule. Mgeni asingejua lipi ni lipi. Mimi nilijua.

Bijou, binti yake wa kwanza, alivuta kiti akakaa karibu nami. Ana uso wa mama yake, na desturi ya mama yake ya kukuangalia huku amegeuza kichwa kidogo, ingawa yeye ana macho yote mawili, ameiga tu. Akaniambia: "Mama Zaina, weye njo ulikuwa naye ile siku ya chupa. Sisi tulijua tu vile mama alituambia. Eti alisahau kupumuzisha chupa moya. Tukisahau kitu kwa nyumba, chumvi, ao kufunga mulango, alikuwa anatuambia: 'Bon, endeleeni kusahau kidogo-kidogo. Mwangalie jicho yangu.'" Akacheka kidogo, kisha akalia. Mimi nilitazama chupa yangu pale chini. Ilikuwa bado inatoa punje ndogo ndogo za hewa, zote zikitokea mahali pamoja karibu na kitako. Miaka yote hiyo Mado alikuwa amelea watoto sita kwa kosa ambalo hakulifanya, na mtu pekee aliyelijua hilo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akijifanya anahesabu kreti.

Mwaka ninaousema, kiwanda cha vinywaji kilikosa gesi. Gesi yenyewe ilikuwa ikija ndani ya mitungi ya chuma, kwa meli, kutoka Kinshasa, na meli ilikuwa imekwama mchangani huko chini ya mto, au imeharibika injini, au mitungi imeuzwa njiani; kila mtu sokoni Mangobo alikuwa na habari yake na kila habari ilikuwa na shahidi. Mji wetu ulikuwa umezoea kukosa vitu. Tulikosa barua, tulikosa dawa, walimu walikosa mshahara, na tuliimba na kucheza kwenye animasyo, zile ngoma za kukisifu Chama kilichotawala, kana kwamba hatujakosa kitu. Lakini harusi bila sucré ilikuwa aibu isiyofichika. Nilimwona bwana harusi mmoja akiwapa wakwe zake maji ya sukari yenye rangi, wakwe wakayanywa, wakatazamana, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Hii kinywaji imekufa. Nani amekwisha kuizika?"

Hapo ndipo Mado aliponivuta hadi jikoni kwa mjomba wake, Tonton Bolamba. Mado alikuwa mtu wa mtoni, wa upande wa Isangi. Mimi watu wangu walitoka Maniema. Serikali ilikuwa imefuta majina ya kikristo, kwa hiyo kwenye kitambulisho aliitwa Lisungi, na akawa Mado nyumbani tu, kama nguo ya kulalia. Alikuwa amemaliza sekondari na anangoja matokeo ya mtihani wa taifa ili aingie chuo kikuu kusoma kemia. Mimi nilikuwa ninauza tangawizi na ndimu sokoni, na kemia kwangu ilikuwa kujua ndimu ipi imetiwa maji iwe nzito. Tonton Bolamba alifundisha somo hilo katika shule isiyokuwa na maabara, na jikoni kwake kulikuwa na nusu ya ubao mweusi, nusu nyingine ikiwa imebaki shuleni siku ubao ulipovunjika. Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo, bati juu, moto pembeni, na harufu ya lituma, ndizi zile za kuponda, imeshika kila kitu hadi kwenye madaftari ya wanafunzi. Tulikula hapo karibu kila siku, lituma na samaki mdogo aliyekaushwa. Nyuma ya ukuta tulimsikia mke wa jirani akimwambia mgeni wake: "Kwa profeseri banapika lotoko." Mgeni akauliza kama hiyo lotoko, pombe kali ya magendo, ni nzuri. "Sijuwi. Lakini inafundishwa kwanza mbele ya kupikwa."

Jaribio la kwanza lilikuwa la bikabonati, magadi ya kupikia, na maji ya ndimu. Tonton alimimina, glasi ikachemka kwa kelele, ikamwagika mezani, na kabla hatujamaliza kushangilia ilikuwa imetulia kama maji ya kuoshea vyombo. Niliionja. Ilikuwa na ladha ya sabuni na chumvi. "Gesi ilikuwa hapo," akasema Tonton, "mmeiona na macho. Lakini hakuna mutu aliyefunga mulango." Akachora chupa kwenye ubao wake nusu. Kitu kikali kama ndimu kikikutana na bikabonati, alieleza, gesi huzaliwa, ila huzaliwa ikikimbia. Ili ibaki majini lazima ifinywe. Ikikosa pa kwenda huyeyuka ndani ya maji kama sukari, huioni, huisikii, ungeapa haimo. "Gesi iko kama raia, citoyennes," akatuambia, kwa jina ambalo serikali ilitaka wanawake waitwe. "Ukiifinya, inanyamaza. Haiyakufa. Inangoya tu." Kisha akakumbuka dirisha liko wazi, akakohoa, akaanza kueleza habari za baridi: kwamba maji baridi huishika gesi na maji ya moto huifukuza, ndiyo maana sucré iliyoshinda juani inakurukia usoni.

Mado alielewa kila kitu mara moja, na alichoelewa alinirudishia mimi kwa maneno ya sokoni. Njia yetu, alisema, ni hamira. Hamira ni kitu kilicho hai; inakula sukari na inapumua gesi ileile. Tutachemsha tangawizi, tutatia sukari na ndimu, ikipoa tutatia hamira kidogo, tutaziba chupa, na yenyewe itatufanyia kazi ya kiwanda bure. "Na ile kuchoma ulimi?" nikamuuliza. "Njo mapovu inachoma?" Akatingisha kichwa. Gesi ikiyeyuka majini huyafanya yawe makali kidogo, na ule ukali ndio unaochoma. Mapovu ni kelele tu. Nikamwambia hata sokoni ni hivyohivyo. Akacheka hadi akashika ukuta. Nimesikia vicheko vingi maishani, vingine nikivilipia, na bado nakisikia kile.

Tatizo la hamira ni kwamba haijui kusema inatosha. Inaendelea kula, inaendelea kupumua, na chupa iliyozibwa haina masikio. Kwa hiyo Tonton aliweka sheria mbili. Ya kwanza, chupa ziwe za bia tu, za kahawia, zenye kioo kinene na kitako kizito, maana zimetengenezwa kwa kazi ya kuzuia gesi. Ya pili, kila asubuhi tuzipumuzishe. Vizibo tulivichonga kwa mti mwepesi na kuvifunga kwa waya. Kupumuzisha ilikuwa kulegeza waya, kuinua kizibo kwa dole gumba mpaka chupa iseme tsss, kisha kuifunga tena. Chupa zenyewe zilikaa kwenye mchanga wenye maji, zimezikwa hadi shingoni chini ya magunia mabichi, ili zisipate joto. Mado alizipumuzisha, mimi nikasimama nyuma yake nikihesabu. Nilihesabu mara mbili: mara moja kwa sauti za tsss, mara moja kwa waya zilizokwisha kufungwa. Hakuwahi kusahau. Alikuwa akiziaga kama wagonjwa: "Weye pumua. Weye pia. Eh, weye uko na hasira leo, mama."

Habari zikaenea. Kamati ya Chama ya mtaa wetu ilikuwa inangoja mkubwa mmoja wa kutoka mjini Jumapili, na haikuwa na kitu cha kumnywesha. Wakaja kwa Tonton, wakasema kreti sita, chupa sabini na mbili. Tonton alikubali kwa sababu watu wale hawakuwa wameuliza. Mado alikubali kwa sababu kamati iliahidi barua ya kumsindikiza chuo kikuu, na wakati ule barua ya kamati ilifungua milango ambayo alama nzuri zilikuwa zinabisha tu. Tulikuwa na chupa sitini. Zile kumi na mbili zilizobaki hatukuwa na pa kuzipata, kwa kuwa Kisangani hakuna anayekupa chupa tupu: bila chupa tupu huuziwi iliyojaa, na katika mwaka ule wa ukame watu walizificha chini ya vitanda kama dhahabu, wakingoja kiwanda kifufuke. Nilizunguka Mangobo siku mbili. Mwanamke mmoja alinionyesha kreti nzima, nikamwekea bei, akaifunika tena kwa kitenge akaniambia: "Yaya, muulize bwana yangu kama anauzisha mimi kwanza."

Basi nilizipata kwa mlinzi wa duka la Mgiriki mmoja aliyekuwa ameondoka nchini na kuacha bohari. Chupa kumi na mbili za sharubati, nyeupe za kuonyesha ndani, safi, nyembamba kiunoni, nzuri kupita zote nilizowahi kugusa. Mlinzi alitaka mikungu mitatu ya ndizi. Nikampa mmoja, na akanishukuru. Nilitembea nazo kichwani hadi nyumbani nikijiona mjanja wa mji mzima. Nilikumbuka sheria ya kwanza ya Tonton njiani, niseme kweli, nikiwa bado mbali na nyumba. Niligonga moja kwa ukucha. Ilitoa sauti nyembamba. Chupa ya bia ukiigonga inajibu kama mtu aliyeshiba. Niliisikia tofauti ile nikaendelea kutembea.

Jumatano tulijaza. Tonton alikuwa shuleni. Mado alizishika zile nyeupe, akazigeuza mwangani, akaniuliza: "Na hizi? Tonton ameziona?" Nikamwambia: "Ameziona asubuhi. Amesema iko sawa." Sikufikiri hata kidogo. Ulimi wangu ulizoea kusema "hii ndimu iko ya leo", na ukasema hilo kwa sauti ileile. Mado hakuwa na sababu ya kunitilia shaka. Tukazizika mwisho wa safu, karibu na ukuta, na nikavuta gunia juu yake vizuri.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kuzibua mifereji. Kabla ya kutoka, Mado alizipumuzisha zote. Nilisimama nyuma yake. Sabini na mbili kwa sauti, sabini na mbili kwa waya. Salongo ilichelewa kwisha. Jua lilikuwa kali, bati la jikoni likawa linalia, na mchanga wetu ukakauka juu bila mtu wa kuunyeshea. Tonton alibakizwa kwenye mfereji kwa sababu msimamizi alitaka wenye elimu watoe mfano. Sisi tulirudi kabla yake. Mimi nilikuwa uani nikikung'uta ufagio, Mado akaingia jikoni kumwagia mchanga maji. Nikamsikia akisogeza gunia. Akatoka mlangoni na chupa moja nyeupe ameiinua kwenye mwanga, karibu na uso, kichwa amekigeuza kidogo. Miezi yote ile tulikuwa tumetumia chupa za kahawia. Hakuwa amewahi kuiona gesi yetu ikizaliwa. "Zaina, kuya uone!" aliita. "Zinatoka fasi moya tu, kwa mukwaruzo! Zinapanda kwa mustari kama batoto ba masomo—"

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mlango uliopigwa na upepo.

Nilimfunga kitenge changu usoni, tukamlaza kwenye pusupusu ya jirani, yule ambaye mkewe alisema tunapika lotoko, naye akaisukuma hadi hospitali akikimbia peku. Mimi sikwenda nao. Nilisema nitafuata. Nilirudi jikoni, nikaokota vipande vya kioo cheupe, vyote, nikavihesabu bila kujua ninavihesabu kwa nini. Kisha nikazifungua zile chupa kumi na moja polepole, nikamwaga tangawizi, nikazitia guniani na vile vipande, nikaenda nazo mtoni upande wa maporomoko ya Wagenia, mahali ambapo maji yenyewe yanachemka mchana kutwa bila hamira, nikazitupa. Nilifanya hayo yote kabla sijaenda kumwona rafiki yangu. Nimejaribu kuupanga mfululizo huo kwa namna nyingine, na kila nikihesabu unatoka vilevile.

Hospitali, Tonton alikuwa amefika, matope ya mfereji hadi magotini. Mado alikuwa amelala, kichwa chote bendeji, ila mdomo. Tonton alinishika bega, akauliza taratibu, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyekosea hesabu: "Zaina. Leo mulizipumuzisha?" Ningeweza kusema ndiyo. Lakini ndiyo ingeleta swali la pili, na swali la pili lilikuwa limelala kwenye kitako cha mto. Mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili, nilisema: "Sijuwi, Tonton. Njo ilikuwa kazi ya Mado."

Ule mdomo chini ya bendeji ukasema, kwa sauti ndogo: "Labda nilisahau moya, Tonton. Nilikuwa na haraka juu ya salongo."

Jumapili nilipeleka kreti tano kwa kamati. Mkubwa wa Chama alifungua ya kwanza kwa mkono wake, ikamrukia kwenye abakosti, koti lake la kiserikali lisilo na tai, watu wote wakanyamaza. Yeye akacheka, basi na sisi tukacheka. Walipiga makofi. Barua ilitoka na mhuri, na Mado hakuitumia. Alifaulu mtihani, matokeo yalibandikwa, nikamsomea mimi. Alisema atangoja mwaka mmoja jicho litulie. Mwaka uliofuata alikuwa anakaanga mikate Kabondo, kando ya barabara, na alikuwa anajua vizuri kuliko wakaangaji wote kwa nini unga unaumuka. Tonton alivunja ile nusu ya ubao akaitia motoni. Hakufanya tena jaribio lolote mbele ya watoto. Alifundisha kemia ya midomo tu hadi alipostaafu, na alikufa akiamini alikuwa ameweka silaha mikononi mwa mtoto wa dada yake bila kumfundisha vya kutosha. Mimi nilifanikiwa sokoni. Nilikuwa nanunua mikate ya Mado kila Ijumaa, na yeye peke yake mjini sikuwahi kushindana naye bei. Alikuwa ananitania: "Zaina, uko mugonjwa? Hata hautashusha kidogo?" Sijui kama alijua. Zile chupa nyeupe alizishika kwa mikono yake, na alikuwa na akili kuliko sisi wote. Sijui kama aliniamini hadi mwisho, au alinifunika pale kitandani na akabaki amenifunika.

Haya yote nilimwambia Bijou pale chini ya turubai, kwa sauti ya chini, mchana, watu wakipita na sahani. Sikuanza na chupa nyeupe. Nilianza na meli iliyokwama, na bikabonati, na jirani wa lotoko, nikifungua kidogo kidogo, maana niliogopa nikifungua kwa mara moja nitapasuka. Nilipofika kwenye "sijuwi" yangu, aliuondoa mkono wake uliokuwa kwenye goti langu. Hakuupeleka mbali, aliuweka kwenye goti lake mwenyewe, akautazama. Kinyaa nilikitegemea, nilikuwa nimekuja nacho tayari, kama mtu anayebeba chenji. Sikutegemea swali lake.

"Zilikuwa ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Na mama alizipumuzisha ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Uko na hakika?"

"Nilihesabu mara mbili, mwanangu."

Akasimama. Nilidhani anakwenda kuwaita wajomba zake wanitoe, nikaokota mkoba wangu na, sijui kwa nini, ile chupa ya sucré pia. Ilikuwa imetulia kabisa, maji ya machungwa yasiyo na punje hata moja. Lakini Bijou alipita mbele ya wajomba bila kusema nao, akawapita wanakwaya, akafika kwa mama yake. Akapiga magoti, akasogeza kitenge cha bluu kidogo, akaweka mdomo karibu na sikio, upande wa lile jicho. Nilikuwa mbali, lakini hakunong'ona.

"Mama, haukusahau. Zilikuwa sabini na mbili, na zote ulizipumuzisha. Haukusahau hata moya."

Akabaki ameinama hivyo, kichwa amekigeuza kidogo, kama mtu anayesubiri kujibiwa.